Mahatma Gandhi, Mwanafunzi wa Gita Hadi Siku ya Mwisho

Jai Shri Krishna.



Kamati iliponitaka niandike makala kwa ajili ya jarida hili la kumbukumbu, nilisita. Mimi ni mtu wa duka. Nilisoma hadi sekondari, kisha nikasimama nyuma ya kaunta ya marehemu baba yangu, na Kisanskriti ninachokijua ni kile cha sala za nyumbani tu. Hata hivyo, lipo jambo ambalo limekuwa likinisumbua kwa miaka mingi. Mara kwa mara, baada ya aarti ya jioni, kijana mmoja hunivuta pembeni na kuniuliza kwa nini Bwana Krishna, katika Bhagavad Gita, anamwambia Arjuna ainuke apigane na jamaa zake mwenyewe. Majirani Waislamu na Wakristo nao wamewahi kuniuliza swali hilo hilo kwa adabu, tukinywa chai barazani. Sikuwahi kuwa na jibu la kumtosheleza muulizaji. Ndipo nikaona heri nisimulie maisha ya mtu ambaye swali hilo lilimkaa kifuani kwa muda wa karibu miaka sitini, naye hakulikimbia wala hakujidai kuwa amelimaliza.

Kwa wasomaji ambao hawajapata kuisoma, Gita ni sehemu ya utenzi mkubwa uitwao Mahabharata. Ina sura 18 na beti 700. Majeshi mawili ya ukoo mmoja yamepangwa uwanjani Kurukshetra. Arjuna, shujaa wa upinde, anawaona upande wa pili babu yake, walimu wake na binamu zake. Mikono inamlegea, upinde unamdondoka, naye anamwambia Krishna, aliye mwendesha gari lake la vita, kwamba hajui lililo sawa. Mazungumzo yanayofuata ndiyo Gita. Tangu kale wanachuoni wakubwa wameifasiri kila mmoja kwa namna yake. Shankara aliona ndani yake njia ya maarifa, na Ramanuja akaona njia ya ibada ya mapenzi kwa Mungu. Ikiwa vichwa kama hivyo havikukubaliana, mwenye duka afanye nini?

UTOTO WA KATHIAWAR

Mohandas Karamchand Gandhi alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1869 mjini Porbandar, katika rasi ya Kathiawar, ambako wazee wetu wengi walipanda vyombo kuja pwani hii. Baba yake alikuwa diwani, yaani waziri mkuu wa mtawala wa mji huo, na baadaye akahamia Rajkot. Mama yake, Putlibai, alikuwa mcha Mungu wa kufunga saumu kwa wingi, wa madhehebu ya Pranami. Katika hekalu lao pujari alisoma vitabu vya Kihindu pamoja na Kurani, akihama kutoka hiki hadi kile kana kwamba ni jambo la kawaida.

Mtoto huyu alikuwa mwoga. Aliogopa giza, wezi, nyoka na mizimu. Yaya wake aliyeitwa Rambha alimfundisha kulitaja jina la Rama kila hofu inapomjia. Hakumweleza falsafa yoyote. Alimpa jina tu, naye mtoto akalipokea kwa sababu alimpenda yaya kuliko alivyoielewa dawa yenyewe. Jina hilo alidumu nalo maisha yake yote.

Baba yake alipougua, mzee mmoja aitwaye Ladha Maharaj alikuja kila jioni kuisoma Ramayana ya Tulsidas. Kijana Mohandas, aliyekuwa na umri wa miaka kama 13, alikaa akasikiliza na moyo wake ukayeyuka. Lakini katika vitabu vya baba yake alikiona pia kitabu cha sheria za kale kijulikanacho kwa jina la Manu. Alipoisoma tafsiri yake, habari za kuumbwa kwa ulimwengu na mengine mengi yalimchanganya, hata akaelekea kukana kwamba Mungu yupo. Alimwendea ndugu mmoja wa ukoo ambaye aliiheshimu akili yake. Huyo alimwambia kwamba akikua ataweza kuyatatua mwenyewe, na kwamba maswali hayo hayamfai mtoto wa umri wake. Mohandas alinyamaza, ila moyo haukutulia.

Nadhani wengi wetu tumewahi kuwa huyo mtoto, na wengine tumekuwa huyo ndugu mkubwa. Tunapowajibu vijana wetu kwa kuwanyamazisha, tunawaachia shaka ile ile, nao wanaondoka nayo.

Shuleni, Kisanskriti kilimshinda. Mwalimu wake, Krishnashankar, alikuwa mkali, na darasa la Kifarsi lilisemekana kuwa rahisi. Siku moja Mohandas alihamia kwenye Kifarsi. Mwalimu yule hakumpiga. Alimwita, akamkumbusha kwamba yeye ni mtoto wa baba wa Kivaishnava, akamuuliza kama hataki kuijua lugha ya dini yake mwenyewe, akamkaribisha aje kila anapokwama. Mtoto aliona haya, akarudi. Miaka mingi baadaye alisema kwamba bila kile kidogo alichokipata hapo, ingekuwa vigumu kwake kuvikaribia vitabu vyetu.

AIBU YA LONDON

Septemba 1888, akiwa na umri usiotimia miaka 19, alisafiri kwenda London kusomea sheria. Mwishoni mwa mwaka wake wa pili huko, ndugu wawili wa jumuiya ya Theosofia walimwalika asome Gita pamoja nao. Wao walikuwa wakiisoma katika tafsiri ya Kiingereza ya Edwin Arnold, wakataka Mhindu awasaidie kwenye maneno ya asili. Mohandas aliona aibu kubwa. Alikuwa hajaisoma Gita kwa Kisanskriti wala kwa Kigujarati. Angeweza kujisingizia shughuli, au kujifanya mjuzi mbele ya wageni. Aliwaambia ukweli kwamba hakuijua, na kwamba Kisanskriti chake ni haba, kisha akaketi nao kama mwanafunzi.

Hivyo ndivyo Mhindu wa Porbandar alivyofunguliwa kitabu cha wazee wake, katika lugha ya kigeni, na watu wa nje. Beti za sura ya pili, zinazoeleza jinsi mtu anayekitafakari kitu sana hushikwa nacho, na jinsi tamaa huzaa hasira na hasira ikaharibu akili, zilimwingia masikioni zisitoke tena. Sehemu hiyo aliielewa. Habari ya vita ilibaki kuwa fumbo.

SHANGA ZA MAMA

Aliporudi Bombay mwaka 1891 alipokewa na habari ya kifo cha mama yake. Katika siku hizo alikutana na mtu ambaye sisi wafanyabiashara tungepaswa kumkumbuka zaidi, naye ni Raychandbhai, Mjaini, mfanyabiashara wa lulu na almasi. Alikuwa kijana kama yeye, aliyemzidi umri kwa miaka miwili hivi. Alishughulika na biashara ya fedha nyingi, lakini juu ya meza yake palikuwa daima na kitabu cha dini. Mazungumzo ya mauzo yalipokwisha, kitabu kilifunguliwa. Gandhi hakumfanya guru wake, maana alisema kiti cha guru moyoni mwake kilibaki kitupu siku zote. Hata hivyo, kila alipobanwa na mashaka, alimkimbilia yeye.

Aprili 1893 aliondoka Bombay kwenda Natal kuihudumia kampuni ya Waislamu wenye asili ya Porbandar. Meli yake ilipita pwani yetu. Ilitia nanga Lamu, ambako alishuka kuitazama bandari na karibu aachwe na meli. Kisha ilifika Mombasa, na Zanzibar alikaa siku kadhaa kabla ya kupanda meli nyingine. Alikuwa wakili wa miaka 23, asiyejulikana na mtu.

Huko Pretoria marafiki Wakristo walimpenda, nao walitamani sana aijue dini yao. Mmoja wao, Bwana Coates, aliona shingoni mwake shanga za mti wa tulsi, akamwomba amkatie uzi huo wa ushirikina. Gandhi alikataa. Alikiri kwamba hakuijua siri ya shanga zile, na wala hakudhani kwamba angepatwa na baya kama asingezivaa. Lakini alivikwa na mama yake kwa mapenzi, na pasipo sababu ya kutosha asingezitupa. Zikikatika zenyewe kwa uchakavu, hatatafuta nyingine. Kisa hiki huwa narudi kukisoma. Hapa yupo mtu ambaye hakuelewa, na hakujifanya anaelewa, wala hakukubali kwamba kutokuelewa ni sababu tosha ya kutupa.

Lakini maswali yalizidi. Mwaka 1894 alimwandikia Raychandbhai maswali zaidi ya ishirini: Mungu ni nini, roho ni nini, nani aliyeitunga Gita na je, mtungaji wake ni Mungu mwenyewe. Aliuliza hata kama nyoka akitaka kumuuma amwache au amuue. Sonara yule alijibu kwa uvumilivu, swali baada ya swali, akamshauri asiharakishe bali aichimbe dini yake kwa kina kabla ya kuamua. Gandhi alisoma vitabu vya Kihindu, akasoma Kurani, akamsoma Tolstoy. Alibaki Mhindu, naye hakuacha kuwashukuru wale Wakristo kwa kumwamsha.

KARATASI UKUTANI

Kufikia mwaka 1903 alikuwa wakili mwenye kipato kikubwa Johannesburg. Huko, akisoma Gita pamoja na marafiki wa Theosofia, aliamua kuihifadhi moyoni. Muda hakuwa nao. Alichokuwa nacho ni dakika 35 za kujisafisha asubuhi, 15 kati ya hizo zikiwa za mswaki. Basi alibandika ukutani vipande vya karatasi vyenye beti, akawa anapiga mswaki huku akizikariri, beti moja au mbili kwa siku. Kwa njia hiyo alihifadhi sura 13.

Lakini kuhifadhi kulimfungulia matatizo mapya. Maneno mawili yalimkaba. La kwanza ni aparigraha, kutokumiliki. La pili ni samabhava, kuwatazama watu wote na mambo yote kwa jicho moja. Mtu ataachaje kumiliki? Je, mke na watoto si milki? Kabati la vitabu je? Hakulipata jibu kwa pandita. Lilimjia kutoka kitabu cha sheria cha Snell alichokisoma alipokuwa mwanafunzi London. Alikumbuka maana ya mdhamini, mtu anayeshika mali nyingi mkononi asiihesabu hata senti moja kuwa yake. Sisi hapa tunalijua jambo hilo, kwa kuwa wadhamini wa hekalu letu wanashika ardhi na majengo haya kama amana. Gandhi alitambua kwamba Gita inamtaka aishi hivyo katika maisha yake yote.

Akatenda. Alikuwa amekata bima ya maisha ya rupia 10,000. Alimwandikia ndugu Revashankar huko Bombay aiache bima hiyo ife, kwa kuwa Mungu aliyemuumba yeye aliumba na familia yake. Alimwandikia pia kaka yake mkubwa, aliyemsomesha kwa gharama na kumlea kama baba, kwamba hatamtumia tena akiba, kwani akiba yoyote itatumika kwa faida ya jamii. Kaka aliumia sana. Kwa desturi zetu za ukoo, hilo lilikuwa jeraha, na walikosana kwa miaka. Walikuja kupatana kaka huyo akiwa katika siku zake za mwisho.

Kama mfanyabiashara, nakiri kwamba sehemu hii inanitia hofu. Mimi nisingeiacha bima yangu. Lakini najifunza namna alivyosoma. Alichukua neno moja gumu, akauliza linataka afanye nini Jumatatu asubuhi, akalifanya, kisha akaenda kwenye neno lililofuata.

KITABU KWA WATU WA DUKANI

Habari za siasa zake mnazijua, nami sitazirudia. Nitasema tu kwamba alipofungwa katika gereza la Yerawada mwaka 1922, aliutumia muda huo kusoma. Alikisoma na kitabu kikubwa cha Tilak, aliyekiandika gerezani Mandalay, ambaye aliifasiri Gita kuwa wito wa kutenda wajibu. Kuanzia tarehe 24 Februari hadi tarehe 27 Novemba 1926, baada ya sala za alfajiri katika ashram yake mjini Ahmedabad, aliwafundisha wenzake Gita ubeti kwa ubeti. Kisha akaifasiri kwa Kigujarati na kuiita Anasaktiyoga, yaani njia ya kutenda bila kushikwa na matunda ya tendo. Ilitolewa tarehe 12 Machi 1930, siku ile ile alipoanza safari ya miguu kwenda Dandi kuchota chumvi.

Katika utangulizi alikiri kwamba Kisanskriti chake ni kidogo, na hata Kigujarati chake si cha mwanachuoni. Aliwapa wenzake wajuzi, akina Vinoba na Kalelkar, waipitie kazi yake. Dai lake lilikuwa moja tu, kwamba yeye na wenzake walikuwa wamejaribu kuiishi Gita. Alisema pia kwamba tafsiri hiyo aliikusudia kwa wanawake, watu wa biashara na wanyonge wasiopata elimu kubwa. Kwa hiyo, ndugu zangu wa dukani, tafsiri hiyo iliandikwa kwa ajili yetu.

Kuhusu vita, aliamini kwamba Kurukshetra ni moyo wa mwanadamu, na majeshi mawili ni mema na maovu yanayopigana humo kila siku. Hata hapo alikuwa mwaminifu. Alikubali kwamba kwa herufi zake mtu anaweza kusema Gita inaruhusu vita. Alieleza kwamba baada ya miaka 40 ya kujaribu kuiishi, ameona haiwezekani kuacha kabisa tamaa ya matunda huku mtu akidhuru wengine. Ushahidi wake ulikuwa maisha yake, na aliwaachia wengine nafasi ya kuona tofauti.

Watu wa ashram yake walipoisoma tafsiri hiyo, mmoja alilalamika kwamba bado ni ngumu kueleweka. Mtu mwingine angeudhika. Yeye, akiwa amefungwa tena Yerawada, alianza kuandika barua, sura kwa sura, kwa maneno mepesi zaidi.

ALIPOTELEZA

Nisingetenda haki kama ningemfanya mtu asiyekosea. Tarehe 15 Januari 1934 tetemeko kubwa la ardhi lilipiga Bihar na kuua maelfu. Gandhi, aliyekuwa akizunguka nchi kupinga dhambi ya kuwatenga watu walioitwa wasiogusika, alitangaza kwamba tetemeko hilo ni adhabu ya Mungu kwa dhambi hiyo. Mshairi Tagore, rafiki yake, aliyeichukia dhambi hiyo vilevile, alipinga hadharani, kwa kuwa tetemeko liliwaua waliotengwa na waliotenga bila kubagua. Gandhi aliuchapisha upinzani huo katika gazeti lake mwenyewe, Harijan, pamoja na jibu lake. Hakuifuta kauli yake, ingawa alikubali kwamba huenda imani yake ikaonekana haina msingi.

Kwa maoni yangu, Tagore alikuwa na haki. Hata mtu aliyesoma kwa unyenyekevu miaka yote hiyo aliweza kusahau siku moja kwamba hasomi moyo wa Mungu. Kama yeye aliweza, sisi tujihadhari zaidi tunaposema mafuriko haya au ugonjwa huu umetumwa kwa ajili ya dhambi za fulani.

JIONI YA MWISHO

Katika sala za jioni za ashram zilisomwa daima beti 19 za mwisho za sura ya pili, zinazomweleza mtu aliyetulia katika hekima. Ni sura ile ile iliyomwingia moyoni akiwa kijana London. Tarehe 30 Januari 1948, mjini Delhi, alikuwa akielekea uwanjani kwa sala ya jioni alipopigwa risasi akafa. Aliyemuua alikuwa Mhindu, naye mbele ya mahakama aliwataja Rama, Krishna na Arjuna kuwa ushahidi kwamba kuua kwaweza kuwa haki.

Vitabu ni vile vile, na Arjuna ni yule yule. Mmoja alivisoma akiwa na uhakika na akanyanyua bastola. Mwingine alivisoma karibu miaka sitini akijiita mwanafunzi, na alipokosea, aliyeumia zaidi alikuwa yeye mwenyewe.

Kwa hiyo, kijana wangu utakayenivuta pembeni tena baada ya aarti, jibu langu ni hili. Sijui yote aliyokusudia Bwana Krishna katika habari ya vita. Lakini hata Arjuna hakufundishwa mpaka alipokiri kwamba amechanganyikiwa. Chukua ubeti mmoja unaouelewa, ubandike mahali unapopigia mswaki, uutende wiki nzima. Usiouelewa usiutupe, wala usiutumie kumpiga nao mwenzako. Na ukija kuuelewa kabla yangu, njoo unifundishe, nami nitaketi.

Nawatakia nyote heri ya maadhimisho. Taa za hekalu hili ziendelee kuwaka, na mlango wake uendelee kuwa wazi kwa majirani zetu.

Jai Shri Krishna.